Mashine ya Majani Ikigoma: Nilivyojifunza Kuamua kati ya Fundi na Duka

Familia yetu ina kiwanja cha majani huko Kigamboni ambacho hukodishwa kwa harusi, sendofu na vikao vya ukoo, na mimi ndiye ninayekisimamia. Kiwanja hutunzwa kwa mashine tatu za umeme: moja ya kukatia majani, moja ya kupogoa uzio wa michongoma, na ndogo ya betri ya kusafishia kingo za njia. Zote tatu zimewahi kuharibika, na kila mara mdogo wangu anayeshika hesabu aliuliza swali lile lile: tutengeneze au tununue nyingine? Nimekuja kuamini kwamba swali hilo huulizwa mapema mno. Kabla ya kulijibu ni lazima ijulikane ni kitu gani ndani ya mashine kilichokufa, na kimeuawa na nini. Asiyejua hayo mawili atatoa fedha kwa kubahatisha, iwe kwa fundi au dukani, na si ajabu mashine yake mpya ikafa kifo kile kile cha ile ya zamani.

Iliyonifundisha zaidi ni mashine ya majani. Ni ya kusukuma kwa mikono, ina magurudumu manne, mota ya wati 1,500 na bledi yenye urefu wa sentimita 38. Tulichagua ya umeme kwa sababu majirani wako karibu na hawapendi kelele, na kwa sababu mashine ya petroli ikikaa kiangazi kizima bila kazi, petroli iliyobaki huganda na kuziba kabureta. Majani yetu ni ukoka, ambao wakati wa masika ukiuacha wiki mbili bila kuukata, mashine haikati tena majani bali inachana mkeka.

Katikati ya masika, huku tukiwa na harusi Jumamosi iliyofuata, mashine iligoma. Kijana wetu wa bustani alipobonyeza swichi ilinguruma kwa sauti nzito, bledi haikuzunguka, na baada ya muda mfupi breka ya umeme ikajizima. Fundi wa kwanza tuliyemwita alisikiliza ule mngurumo, akainamia mota na kuinusa, kisha akasema, "Mama, hii imeungua. Kuisuka upya ni karibu nusu ya bei ya mashine, na hata nikiisuka sikupi uhakika. Bora ununue." Alikuwa hajafungua skrubu hata moja. Simlaumu sana, kwa kuwa kusuka mota, yaani kuizungushia upya waya wake wa shaba wa ndani, ni kazi ndefu yenye malipo ambayo wateja wengi huyabishia, na ni rahisi zaidi kwa fundi kumpeleka mteja dukani kuliko kubeba lawama. Hata hivyo, mota inayonguruma bila kuzunguka si lazima iwe imeungua, na hukumu iliyotolewa kwa pua haikutosha kunifanya nitoe fedha za mashine nzima.

Harusi nayo ilikuwa inanisukuma ninunue upesi. Hapo nilitenganisha haraka ya kazi na haraka ya uamuzi. Nilimkodi kijana mwenye mashine ya petroli ya kuvaa begani, akamaliza kiwanja chote kwa malipo yaliyokuwa sehemu ndogo sana ya bei ya mashine mpya. Majani hayakulingana vizuri, kwa kuwa mashine ya begani hufuata mkono wa anayeishika, lakini wageni walikuja kula na kucheza, hawakuja kupima urefu wa ukoka. Nalisema jambo hili kwa mkazo kwa sababu nimeona watu makini kabisa wakinunua mashine duni siku ya Ijumaa kwa kuwa tu shughuli ilikuwa Jumamosi. Kukodi kwa siku moja ni njia ya bei nafuu ya kununua muda wa kufikiri, na muda huo ndio ulioniwezesha kupanda kivuko na mashine hadi Gerezani, Kariakoo, kwa fundi anayeshughulika na mota peke yake.

Fundi huyo alianza kwa kumhoji kijana wangu. Mimi aliniacha kando, na nilimwona ana busara, kwa kuwa anayesukuma mashine kila siku hujua mambo ambayo anayeilipia hayajui. Alitaka kujua kama mashine iligoma ghafla au ilikuwa ikichelewa kuwaka kwa siku kadhaa, kama mota ilikuwa ya moto kupita kawaida, na kama umeme ulikuwa ukipita kwenye waya mrefu. Kijana alijibu kwamba kwa muda sasa mashine ilikuwa ikisitasita kabla ya kushika kasi, hasa jioni. Ndipo fundi akafungua.

Alinieleza kazi yake huku akiifanya, nami ninaieleza hapa kwa sababu uamuzi wote ulitegemea maelezo hayo. Mota ya aina ile haina kaboni, vile vipande vidogo vinavyokigusa kiini kinachozunguka ili kukipelekea umeme. Ina misuko miwili ya waya wa shaba, na mmoja wao hupitishiwa kapasita ambayo huufanya mkondo wake utangulie ule wa msuko mwingine. Kutangulia huko ndiko kunakoifanya nguvu ya sumaku izunguke badala ya kutetemeka mahali pamoja. Kapasita ikidhoofika, mota hupata umeme wote lakini haina upande wa kuzungukia. Hubaki ikinguruma, na kwa kuwa haijaanza kuzunguka huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida, mpaka breka ijizime au misuko iungue kweli. Kwa hiyo ule mngurumo aliousikia fundi wa kwanza ungeweza kuwa wa mota iliyoungua, wa kapasita iliyochoka, au hata wa beringi iliyokwama, na bei za magonjwa hayo matatu hazikaribiani hata kidogo.

Kapasita huweza kubaki na umeme hata baada ya plagi kuchomolewa, kwa hiyo kabla ya kuishika aliiunganisha miguu yake kwa rezista ili iutoe. Kisha akaipima. Ubavuni ilikuwa imeandikwa mikrofaradi 25, na tofauti inayokubalika ya asilimia 5 juu au chini. Kipimo kilionyesha 9. Akapima misuko yote miwili, akaikuta ni mizima, haijakatika wala haivujishi umeme kwenye chuma cha mwili. Harufu aliyoinusa fundi wa kwanza ilikuwa ya vanishi inayofunika waya wa misuko, iliyopata joto tu, si ya vanishi iliyoungua. Kapasita mpya iligharimu shilingi 12,000, na malipo ya fundi hayakuizidi sana. Mdogo wangu alifurahi, akadhani suala limekwisha.

Fundi hakuona hivyo. Alinionyesha matundu ya kupitishia hewa juu ya mota, ambayo yalikuwa yamezibwa na majani makavu yaliyoshikana na vumbi, na kapasita ilikuwa imekaa ndani ya joto hilo hilo, chini ya kifuniko kimoja. Joto ni adui mkubwa wa kapasita. Halafu akaniuliza habari za waya. Wetu ulikuwa wa mita 40, wa milimita 1 ya mraba, na kijana alikuwa na mazoea ya kuuacha nusu yake ukiwa umezungushwa kwenye gurudumu lake, jambo ambalo huufanya upate joto hadi plastiki yake kulainika.

Nilipofika nyumbani niliketi na mdogo wangu tukapiga hesabu. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo waya wa mita 40 ni njia ya mita 80 za shaba, na kwa unene ule una ukinzani wa takriban omu 1.5. Mota ikifanya kazi kwa ampea 7, volti zinazopotea njiani ni kama 11, na hilo linavumilika iwapo kwenye soketi kuna volti 230 kamili. Tatizo ni wakati wa kuanza. Mota ya namna hii inapoanza huvuta mkondo mara 4 hadi 6 ya kawaida, na kwa kitambo hicho kifupi volti zinazopotea hufika 40 hadi 60. Nguvu yake ya kuzungusha haipungui kwa kiwango sawa na volti bali kwa kipeo chake cha pili: mota ya volti 230 inayopata 175 hubaki na chini ya asilimia 60 ya nguvu yake ya kuanzia. Ongeza ukoka ulioloa unaoishika bledi, na umeme mdogo wa jioni, utaelewa kwa nini mashine ilikuwa ikisitasita. Waya wa milimita 2.5 za mraba wenye urefu ule ule hupoteza volti 4 au 5 tu katika kazi ya kawaida.

Tuliamua kununua waya mnene zaidi na kuweka soketi ya nje, yenye kifuniko cha kuzuia mvua, karibu na katikati ya kiwanja ili waya wenyewe uwe mfupi. Kwenye njia ya soketi hiyo tuliweka pia breka inayokata umeme mara tu mkondo wa miliampea 30 unapovuja kwenda ardhini, kwa kuwa hakuna mahali pabaya pa kupigwa shoti kuliko kwenye majani mabichi asubuhi. Gharama ya waya, soketi na breka ilizidi kwa mbali gharama ya kutengeneza mashine, na mdogo wangu akataka kuijumlisha kwenye gharama ya matengenezo, akisema kwamba kwa hesabu hiyo afadhali tungenunua mashine mpya. Hapo hatukukubaliana, na bado naona nilikuwa na hoja. Mashine mpya ingechomekwa kwenye waya ule ule. Gharama ya kuondoa chanzo cha ubovu ni ya pande zote mbili, ya anayetengeneza na ya anayenunua, na kwa sababu hiyo haifai kuwekwa kwenye mzani wa kuchagua kati yao. Anayeibebesha upande wa fundi peke yake atanunua mashine mpya kila mwaka akiamini kwamba anaokoa fedha.

Wapo wanaofuata kanuni ya nusu: matengenezo yakizidi nusu ya bei ya mashine mpya, nunua. Si kanuni mbaya kwa asiye na nafasi ya kuchunguza, lakini mimi huongeza swali moja, nalo ni kama kitu kinachohitajika kinapatikana kwa yeyote au kwa aliyeiunda mashine pekee. Baadaye beringi za mashine ile ile zilianza kulia. Zilikuwa na namba 6202, na namba hiyo ina maana ile ile duniani kote: tundu la milimita 15, upana wa nje milimita 35, unene milimita 11. Ukiitaja namba kwenye duka la beringi hutaulizwa ni ya mashine gani. Kapasita ni hivyo hivyo: taja mikrofaradi na volti zake, utapewa. Mashine iliyojaa vitu vya namba za kawaida inaweza kutengenezwa hata kama kampuni iliyoiunda imefungwa zamani.

Mashine ya kupogoa uzio ilikuwa kinyume cha hayo. Ilianza kutoa cheche nyingi, na kwa kuwa mota yake ni ya kaboni, jambo la kwanza lilikuwa kubadilisha kaboni, ambazo ni za bei ndogo na huisha kama kawaida yake. Kaboni mpya hazikusaidia. Cheche ziliendelea kuizunguka pete yote ya shaba ambayo kaboni huigusa, na kwa fundi hiyo ilikuwa ishara kwamba waya mmojawapo umekatika ndani ya amecha, yaani kiini kinachozunguka. Amecha ya chapa ile haikupatikana Kariakoo. Fundi alikuwa tayari kuchukua ya mashine ya kukatia chuma, aikereze mhimili wake hadi iingie, na sina shaka kwamba ingezunguka. Nilikataa. Mashine ile hushikwa kwa mikono miwili na haina waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Ubavuni ina alama ya mraba ndani ya mraba, maana yake ni kwamba usalama wa anayeishika unategemea tabaka mbili za kizuizi cha umeme zilizowekwa kiwandani. Amecha ya kulazimisha ingeweza kuharibu mojawapo ya tabaka hizo bila mtu yeyote kuona. Isitoshe, giya zake zilikuwa za plastiki na zimekwisha meno, na waya wake ulikuwa umewahi kukatwa na meno ya mashine yenyewe na kufungwa kwa utepe. Waya uliofungwa utepe katikati sihesabu kuwa umetengenezwa. Hukatwa pale pale na kufupishwa, au hubadilishwa wote. Tulinunua nyingine bila mjadala mrefu.

Ile ya betri sitaisemea mengi. Betri yake ya volti 18 ina seli tano za lithiamu zilizofuatana, kila moja volti 3.6, na ilikuwa imeachwa tupu msimu mzima mpaka chaja ikaikataa. Fundi mmoja alitaka kubadilisha seli iliyokufa tu, lakini seli mpya ikiwekwa pamoja na zilizochoka, zile za zamani huishiwa mapema na kuivuta betri nzima chini. Mashine yenyewe ilikuwa nzima kabisa, kwa hiyo tuliagiza betri kamili kupitia shemeji yangu aliyekuwa akirudi kutoka Uingereza, ambaye ilimbidi aibebe kwenye begi la mkononi, kwani betri za lithiamu za akiba haziruhusiwi kwenye mizigo ya chini ya ndege. Tangu hapo haihifadhiwi ikiwa tupu; huwekwa ikiwa na nusu ya chaji hivi, mahali penye baridi kidogo.

Mashine ya majani nayo ilifika mwisho wake, na mota haikuhusika kamwe. Kilichokufa ni bati la mwili wake. Hewa ya Kigamboni ina chumvi ya bahari, na majani mabichi hung'ang'ania chini ya bati hata likioshwa kila mara, kwa hiyo kutu ilikula kidogo kidogo hadi pale mota inapofungwa kwa nati pakaanza kupasuka. Fundi wa kuchomelea alisema ataweka kiraka kwa bei ambayo mdogo wangu aliipenda sana. Nilimwonyesha hesabu nyingine. Mota ile huzunguka takriban mara 2,800 kwa dakika, na kwa bledi ya sentimita 38 hiyo ina maana kwamba ncha zake husafiri kwa karibu kilomita 200 kwa saa, sentimita chache kutoka miguuni mwa kijana anayeisukuma. Bati ndilo pekee linalosimama kati ya ncha hizo na miguu hiyo. Kiraka kingeshika, lakini kingechomelewa kwenye bati lililokwisha kuliwa pembeni mwake, na hakuna kipimo cha Gerezani ambacho kingeniambia litavumilia mpaka lini. Kwa kanuni ya nusu tungetengeneza, tena kwa furaha. Tulinunua nyingine, ingawa mota ilikuwa nzima na beringi zake zilikuwa bado mpya.

Safari hii nilimwomba fundi wa mota anisindikize dukani na nikamlipa muda wake. Aliigeuza kila mashine chini juu, akaangalia kama kapasita ina kifuniko chake kinachoweza kufunguliwa kwa bisibisi ya kawaida, na kama matundu ya hewa yamekaa mahali ambapo brashi inafika. Mimi nilitaka mwili wa plastiki ngumu au alumini, kwa sababu ya chumvi. Duka la kwanza lilikuwa na bei nzuri kuliko yote, lakini nilipoomba bledi ya akiba, muuzaji alisema, "Dada, hiyo bledi haiharibiki," na rafuni hakukuwa hata na moja. Kwenye ukoka unaoota juu ya mchanga, bledi ndiyo kitu cha kwanza kuisha. Tulitoka. Duka lililofuata lilikuwa na bei ya juu kidogo, likatuuzia mashine pamoja na bledi mbili, na muuzaji hakuona vibaya fundi alipofungua kifuniko ili asome namba za kapasita kabla hatujalipa. Mota ya zamani ilibaki kwa fundi kwa bei tuliyokubaliana, isipokuwa kapasita yake, ambayo niliichukua kwa kuwa mashine mpya nayo inatumia ya mikrofaradi 25.